Watoro wa Ibada na Viatu vya Mchungaji

Mwezi uliopita nilikabidhi chuma cha kulehemu, na si kwa kupenda. Macho yangu hayaoni tena vile vijia vyembamba vya kwenye bodi ya amplifaya, na sikio la kulia lina filimbi ndogo isiyozimika. Daktari ameniambia niizoee kama nilivyomzoea mume wangu. Ninyi wawili mliobaki na karakana yetu pale Same mmeniomba niwaandikie niliyoyaona katika miaka thelathini na ushei ya kufunga na kutengeneza vipaza sauti vya makanisa na misikiti, kuanzia Kisiwani kule tambarare mpaka vijiji vya juu vya Upare. Nilipata kiasi gani na nilipanda vipi cheo, hayo sitaandika. Nilikopanda mimi ni kwenye ngazi, na mara mbili nilishuka haraka kuliko nilivyopanda.

Nilishuka Same nikiwa na cheti cha darasa la saba na viatu vya dada yangu. Baba mdogo alikuwa na rafiki, Fundi Athumani, mtu wa Kisiwani, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio nyuma ya soko. Nilimkuta ameinamia redio iliyofumuliwa kama kuku wa sikukuu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unaogopa umeme?"

"Ndiyo."

"Vizuri. Wasioogopa tumeshawazika."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Saa nne asubuhi hiyo hiyo tukaenda msikitini, maana honi ya kipaza sauti juu ya paa ilikuwa inakoroma. Athumani akapanda, mimi nikabaki barazani na maiki iliyovutiwa waya mrefu. Alipomaliza kukaza akaniambia kwa sauti, "Jaribu!"

"Niseme nini?"

"Chochote! Wewe toa sauti!"

Kichwa kikawa cheupe. Binti wa kutoka milimani, mtoto wa mzee wa kanisa, kitu pekee nilichokijua kwa moyo bila kukwama kilikuwa wimbo wetu wa sikukuu ya mavuno. Nikauimba. Beti mbili, na kiitikio, kwa nguvu zote, kutoka kwenye paa la msikiti. Soko likanyamaza. Muuza nyanya mmoja alibaki ameshika fungu hewani kama sanamu. Athumani kule juu alikuwa anapunga mikono, mimi nikadhani ananitia moyo, nikaanza ubeti wa tatu.

Shehe akatoka, mzee mwembamba mwenye kofia iliyonyooshwa vizuri. Akaniangalia, akaangalia paa. "Athumani, huyu nani?"

"Fundi mpya, shehe!"

"Sauti imefika mpaka stendi," shehe akasema. "Safi, haina mkwaruzo." Kisha akashusha sauti. "Mfundishe kuhesabu."

Tangu siku hiyo, ninyi mnajua, kila maiki ninayoishika nasema moja, mbili, tatu, na sivuki hapo.

Ya kitaalamu mengi mmeshayajua, lakini nirudie. Ukipima kifaa chenye umeme ndani yake, mkono mmoja uweke mfukoni. Vua pete. Amplifaya ya kanisani ikinuka, usilaumu waya kwanza, tafuta mjusi. Anapenda joto na huzaa humo. Honi ya msikitini ikikoroma, tafuta nyigu, na usimtafute kwa uso. Maiki haifi kwa uzee, inakufa kwa mate. Ukitaka kumjua mhubiri, fungua kichwa cha maiki yake. Wasabato ndio wanaokunja waya vizuri kuliko wote, nadhani kwa sababu wana Jumapili nzima ya kufanyia hivyo. Na kila nyumba ya ibada niliyowahi kufanya kazi, ya dini yoyote, ilikuwa na katiba, kamati, na mtu mmoja mwenye funguo ambaye siku ya mimi kufika amekwenda Mwanga msibani.

Athumani mwenyewe alikuwa akiswali pale pale karakanani, kwenye boksi la televisheni lililokunjuliwa, na akimaliza anarudi kazini kabla chuma hakijapoa. Mimi nilizoea kusema na Mungu nikiwa juu ya ngazi. Kule juu huombi kwa maneno marefu.

Tatizo lilianzia hapo. Ijumaa nilikuwa kwenye misikiti, Jumamosi kwa Wasabato, Jumapili kwenye sharika za watu wengine, mara kwa Wakatoliki, mara kwa Walutheri wenzangu wa milima mingine. Hakuna mtu wilaya nzima aliyesikia mahubiri mengi kama mimi. Lakini kwenye usharika wetu wa nyumbani, kule juu, kijiji nisichokitaja kwa sababu katibu bado yu hai na ana kumbukumbu nzuri, benchi langu lilikuwa tupu.

Katibu huyo nitamwita Mzee Kajiru. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na aliingia na daftari la mahudhurio kanisani kama mtu aliyehamisha shule. Mnatujua sisi Wapare, tunapenda kesi kuliko nyama. Baraza la wazee likampa baraka zote. Kila Jumapili alisimama mlangoni akiweka alama, na mlango wa nyuma akaufunga kwa mnyororo ili hesabu isivuje.

Asubuhi moja, miaka michache iliyopita, akafika karakanani kwa bodaboda, helmeti bado kichwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama fundi, Jumapili ya mavuno tunakuhitaji. Vyombo vipya vimefika, vya maiki isiyo na waya, na hakuna anayevijua."

"Nitakuja."

"Halafu zile honi za nje uzielekeze ng'ambo ya bonde. Siku hiyo tunasoma majina ya watoro wa ibada. Nataka wasikie huko huko waliko."

"Wako wangapi?"

"Ishirini na wawili. Wa kwanza ni wewe."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekusomea mita ya maji. Nikacheka. Kisha nikaona hacheki.

"Mzee, lakini siku hiyo mimi si nitakuwepo?"

"Utakuwepo kikazi. Kikazi haihesabiwi."

"Na mchungaji je? Yeye si huja kikazi kila Jumapili?"

Mzee Kajiru alifikiri. Nilimwona kabisa akifikiri. Kisha akafunga mkanda wa helmeti, akapanda bodaboda, akaondoka.

Nyumbani siku hiyo nilishindwa kumaliza sahani ya makande, jambo ambalo mume wangu alilisimulia kwa majirani kama dalili ya ugonjwa. Mama yangu mzazi alikuwa bado hai, na benchi lake lilikuwa la pili kutoka mbele. Alikuwa amenizaa, akanipeleka kubatizwa, akanipeleka kipaimara, na sasa angesikia jina langu likisomwa la kwanza kwenye watoro, kwa vyombo nilivyofunga mwenyewe, kwa sauti safi isiyo na mkwaruzo. Niliwaza kuugua. Lakini nilikuwa nimeshakubali kazi, na Athumani alinifundisha kwamba fundi hali kiapo, anafika.

Jumapili nikafika na ukungu. Meza yangu niliiweka karibu na dirisha. Spika za ndani zilikuwa na njia yake, na honi tatu za nje zilikuwa na amplifaya yake peke yake. Nilizijaribu zile za nje moja, mbili, tatu, mpaka mbwa wa ng'ambo wakajibu. Kisha nikafunga sauti ya ndani nisubiri ibada. Kumbukeni hilo: nilifunga ya ndani.

Mchungaji Elibariki akaja nimbane maiki kwenye kola. Mtu mkubwa, mpole, mwenye sauti ambayo haikuhitaji umeme. Alikuwa amevaa viatu vyeusi vinavyong'aa, zawadi ya umoja wa akina mama, na alitembea polepole kama bwana harusi.

"Taa hii ya kijani ikiwaka, unasikika," nikamwambia. "Kitufe cha kuzima ni hiki."

Akaitikia kwa kichwa kama wanaume wanavyoitikia ukiwaelekeza vitufe. Kwaya ilikuwa inapasha sauti kwa ngoma na vigelegele, hakuna aliyeweza kusikia wazo lake mwenyewe. Mchungaji akatoka kwa mlango wa sakristia, akaenda nyuma ya kanisa, kwenye tanki la maji. Mimi nikavaa vile vya masikioni nisikilize kama kuna mkwaruzo.

"Baba," nikasikia. Si ile sauti yake ya mimbari. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa chini. "Baba, ni mimi. Nimechoka. Mimi na wewe hatujazungumza tangu maharage yalipopandwa. Nasali sana, unajua, nasali kwenye misiba, kwenye vikao, kwenye ufunguzi wa kisima, lakini pale nakuwa nawasemea watu, na nusu ya akili yangu inaangalia saa."

Nilijua napaswa kuvivua. Sikuvivua.

"Na viatu hivi, Baba. Akina mama wamejinyima wakaninunulia, na vimepungua namba mbili. Nikisimama madhabahuni naona nyota. Wiki iliyopita nililia machozi, Mama Nakunda akasema nimejazwa Roho. Sikuwa nimejazwa kitu, kilikuwa kidole gumba. Nisaidie leo nisimame mpaka mwisho. Au uniondolee viatu hivi kwa njia isiyomuumiza mtu."

Nikawa nacheka kimya huku meza inatikisika. Ndipo nikatupa macho dirishani. Ng'ambo ya bonde, kwenye migomba na mashamba ya tangawizi, watu walikuwa wamesimama. Wote. Mwanamke mmoja alikuwa na debe kichwani, hatembei. Mwanamume mmoja alikuwa amevua kofia. Nikaangalia zile amplifaya, na ile ya nje ilikuwa inacheza mishale yake kwa furaha. Ndani hamna aliyesikia neno, kwa sababu ya kwaya. Nje walikuwa wamesikia yote.

Mkono wangu ukaenda kwenye kitufe. Na hapa, wenzangu, ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu naandika. Mchungaji akawa anaendelea: "Na hii orodha ya Mzee Kajiru. Baba, wa kwanza nimemwona ni Mama fundi, ambaye wiki nzima anahangaika kwenye nyumba zako. Kama mtoro ni mtu asiyekuja kwako, basi wa kwanza ningeandikwa mimi."

Kidole kilikuwa juu ya kitufe na sikukibonyeza. Nilitaka hilo lifike. Nilitaka lifike mpaka Mhezi kama upepo ungekubali. Lilipokwisha kufika ndipo nikazima.

Akarudi akinichekea kidogo, taa yake ya kijani inawaka, hajui lolote. Nami sikumwambia.

Ibada ilikuwa bado haijafika wimbo wa pili walipoanza kuingia. Watu wa ng'ambo. Wengine na matope miguuni, wengine na kanga za shambani, wakihema kwa mlima. Mzee Kajiru pale mlangoni alianza kuweka alama, akafungua ukurasa mwingine, akafungua mwingine, mwishowe akasimama tu na kalamu. Wa mwisho aliingia Mzee Eliapenda, mkulima wa tangawizi, ambaye hakuwa amekanyaga kanisani miaka mingi. Si kwamba hakuwa na Mungu. Kila asubuhi ungemkuta ukingoni mwa shamba lake akizungumza naye kwa sauti kama jirani wa uani. Wazee walipomwuliza kwa nini haji, alijibu, "Kule tunaongea wengi mno. Naogopa kumkatiza." Kwenye orodha alikuwa wa pili, baada yangu. Mkononi alishika kifurushi cha gazeti.

Ukafika wakati wa matangazo. Mzee Kajiru akapanda mbele, akakunjua karatasi, akanitazama kama kawaida ya kazi: ongeza sauti. Nikaongeza.

"Hawa ndio washirika ambao hawaonekani ibadani," akasoma. "Wa kwanza. Namsifu Mbwambo."

Nikamwona mama yangu akiinamisha kilemba. Sijui nguvu niliitoa wapi. Nikasimama kwenye meza ya vyombo nikasema, "Nipo."

Kanisa likageuka. Mzee Kajiru akaangalia karatasi. "Wa pili. Eliapenda Mshana."

"Nipo," likatoka jibu nyuma.

"Wa tatu..." Akasita. "Nakiete Mrutu."

"Nipo, mwalimu!"

Mpaka wa saba watu walishaanza kucheka, na wa kumi na moja aliitikia hata kabla ya kutajwa. Mzee wa watu aligeuza karatasi kuona kama nyuma yake pameandikwa la kufanya. Hapakuwa na kitu. Utaratibu wa kusoma watoro waliopo haukuwemo kwenye katiba.

Ndipo Mzee Eliapenda akatembea kati ya mabenchi, taratibu, mpaka madhabahuni, akafungua lile gazeti. Zilikuwa katambuga, zile ndala za matairi ya gari, kubwa kama sinia. Akazipanga chini mbele ya Mchungaji, ncha zikimwelekea, kama mtu anavyompangia mgeni.

"Vaa hizi, baba mchungaji," akasema. "Zangu za akiba. Kidole gumba si cha kuchezea."

Mchungaji Elibariki alimwangalia. Akaangalia katambuga. Nikaona mkono wake ukipanda polepole mpaka kwenye kola, ukaigusa ile maiki. Kisha akanigeukia mimi. Katika miaka yangu yote ya kazi nimepigwa na umeme mara nyingi, lakini hakuna ulionifika kama yale macho.

Akainama, akavua kiatu cha kulia, akavua cha kushoto, na pumzi aliyoishusha niliisikia bila spika. Akavaa zile katambuga. Mama Nakunda, mwenyekiti wa akina mama, akashika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mama Nakunda, nisamehe," Mchungaji akasema. "Ni vizuri sana. Ila ni vya mtu mwingine."

"Tulipima kwa mume wangu," Mama Nakunda akasema kwa sauti ndogo. "Nilidhani wanaume mko sawa."

Hapo hata Mzee Kajiru alicheka. Kicheko kilipotulia, Mchungaji akamwomba ile karatasi. "Mzee, hapa chini pana nafasi. Niandike na mimi." Na Mzee Kajiru, kwa kuwa hakuwahi kukataa jambo lililoombwa rasmi, akachomoa kalamu akaandika. Wa ishirini na tatu. Kwa kadiri nijuavyo, ndiye mchungaji pekee aliyewahi kuwa mtoro kwenye usharika wake mwenyewe.

Baada ya ibada nilikunja waya vibaya. Mama yangu alipita, akanipa ndizi mbivu, jambo ambalo kwake ni hotuba. Kisha nikamfuata Mchungaji sakristiani.

"Baba mchungaji, mimi ndiye. Honi za nje zilikuwa wazi. Sikujua mwanzoni, hilo ni kweli. Lakini nilipojua, sikuzima mara moja."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umenitaja mimi. Nilitaka wasikie."

Akakaa. "Walisikia mpaka wapi?"

"Mpaka juu kwa watu wa mashine ya kusaga."

"Na la viatu?"

"La viatu ndilo lilitoka safi kuliko yote."

Akafunika uso kwa mikono, nikadhani analia. Mabega yalipotulia nikaona alikuwa anacheka, lakini macho yalikuwa na maji kweli. "Mama fundi," akasema, "umenikosea. Nikijua mnanisikia, yale nisingeyasema. Na ningeyasema, isingekuwa sala tena, ingekuwa tangazo. Umenichukulia chumba changu cha ndani ukakiweka barazani."

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Nimesamehe. Lakini usiniambie kwamba ilikuwa heri kwa sababu watu walikuja. Watasema hivyo wengi. Wewe usiseme."

Sijasema mpaka leo. Walikuja Jumapili ile na nyingine mbili, kisha wengi wakapungua kama kawaida. Eliapenda hakurudi kabisa; alisema alikuja kwa ajili ya viatu. Mchungaji akaanza kumtembelea shambani, na ukipita unawakuta wamesimama ukingoni, wote wawili kimya, kama watu wanaosubiri basi. Mzee Kajiru aliendelea na daftari, ila ule mnyororo wa mlango wa nyuma aliufungua. Viatu vyeusi alipewa mume wa Mama Nakunda, na vikamkaa barabara.

Wiki chache baadaye nilipanda tena kule kubadilisha betri za ile maiki. Nilifika mapema, nikamtafuta Mchungaji ndani, hayupo. Nikazunguka nyuma, nikamkuta kwenye jiwe kando ya tanki la maji, macho yamefumbwa, midomo inacheza. Nikaanza kurudi kinyumenyume kwa ncha za vidole. Bila kufumbua macho akasogea upande mmoja wa jiwe.

Nikakaa. Sikusikia alichokuwa anasema, na yeye hakusikia changu. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, na jogoo wa mtu aliwika kwa kuchelewa. Kengele ilipolia tukainuka, tukajipangusa vumbi, tukaingia, yeye mbele, mimi nyuma na betri zake mkononi.